Stambuli Mpishi na Kesi Iliyokaa Mji wa Watu

Kaka yangu Stambuli ana kelele jikoni na kimya kila mahali pengine. Mkute nyuma ya nyumba yenye arusi, kanzu kaivua, shuka kaifunga kiunoni, moshi umemjaa machoni, utamsikia akiugombeza mchele: "Wewe, iva! Watu wametoka nikahini!" Lakini mkute mbele ya karani, mbele ya daktari, hata mbele ya bawabu wa supamaketi, atainamisha kichwa na kuitika "labeka" kama mtoto wa chuoni. Mimi ni dadake mdogo, Mastura, na tabia hiyo imeniudhi tangu utotoni. Nimemwambia mara nyingi kwamba labeka ni ya wazazi na walimu, si ya kila aliyevaa sare. Yeye hucheka tu, akasema mimi nilizaliwa na ulimi wa ziada.

Kazi yake ni kupika shughuli. Arusi, hitma, maulidi, futari ya msikiti, popote watu wanapokusanyika wakahitaji kula, huitwa yeye. Alianzia hapa kwetu Shika Adabu, Likoni, kisha jina likavuka feri likaenda mbali. Changamwe wanamjua, Utange wanamjua. Na mpishi wa shughuli si kama mpishi wa hoteli. Yeye hukabidhiwa ufunguo wa stoo ya mwenye nyumba, huachiwa nyama na samli, huingia na kutoka uani kwa watu, na hakuna anayemchunga. Siku atakayoharibikiwa jina, hata pilau yake iwe tamu vipi, hakuna atakayemwita. Jina hilo ndilo lililotutia roho mkononi mwaka jana, jina na uhuru wake pamoja.

Chanzo ni masufuria. Mtaani petu kuna masufuria matatu ya wakfu, makubwa kiasi cha mtu mzima kuingia ndani na kuchutama. Mjane mmoja, aliyekwisha kufa zamani, aliyatoa kwa msikiti ili yeyote mwenye shughuli ayapikie, awe tajiri awe maskini. Ubavuni kila moja limechongwa kwa patasi: WAKFU. HAIUZWI. Kwa mpango wa kamati, mahali pake ni stoo ya msikiti. Lakini stoo hiyo huyaona kwa nadra sana. Sufuria likimaliza arusi ya huku, mwenye hitma ya kule hulifuata palepale, na kutoka kwa yule hulifuata mwingine. Kinachotakiwa ni neno la Bi Salha, bibi anayekaa nyumba ya nyuma ya msikiti, ambaye yule mjane alimwachia amana hiyo kwa mdomo wake. Unampigia simu, unamwamkia, unamweleza shughuli yako. Akisema "chukua," umechukua. Wanawake wote wa Likoni tunalijua hilo. Wanaume hula pilau.

Ndipo akaja Anwar. Ni kijana mzuri, sitamsema vibaya kupita kiasi. Alifanya kazi Doha miaka kadhaa, akarudi, akachaguliwa katibu wa kamati ya msikiti, akataka mambo yawe na utaratibu. Akafungua stoo, akakuta majamvi ya zamani na mavi ya popo. Masufuria hayapo. Angemuuliza mama yake angejibiwa kabla hajakaa kitako. Yeye akangoja Ijumaa, akatangaza baada ya swala kwa kipaza sauti, mbele ya wanaume watupu, na wanaume wakatazamana, wakatikisa vichwa, wakasema subhanallah, dunia imeharibika, hata wakfu waibiwa. Hakuna hata mmoja aliyefika kwake akamuuliza mkewe. Nawajua, walikuwa na njaa. Wiki ileile Anwar akaenda polisi kuripoti kwamba mali ya wakfu imeibwa Shika Adabu.

Wakati huo masufuria yalikuwa Utange, uani kwa Bi Swabra, na kaka yangu alikuwa ameyasimamia akipika biriani ya arusi ya mwana wa bibi huyo. Biriani ikaliwa, watu wakashukuru. Kabla hajaosha mwiko wake, simu ikalia. Ni binamu yetu Ishaka, fundi gereji aliyehamia mji mmoja wa bara, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Anaoza binti, na huko aliko sufuria kubwa la kukodi halipatikani. Stambuli akampigia Bi Salha. Bi Salha akasema chukua, na msalimie bi arusi. Bi Swabra na wakwe zake wakayasugua masufuria kwa mchanga na majivu mpaka yakang'aa, wakasaidia kuyapakia kwenye pikapu, na kaka yangu akaondoka nayo, akapita Changamwe katikati ya malori ya mafuta, akaingia barabara ya bara.

Mji wenyewe sitautaja. Watu wake hawakunikosea, na mama mmoja wa kibandani pale alinipa chai siku ambayo nilikuwa nimechoka kulia. Kabla hujaingia mjini kuna kizuizi cha polisi. Pikapu ikasimamishwa, askari akazunguka nyuma, akasoma maandishi. Haya ndiyo mazungumzo yao, kama kaka yangu alivyonisimulia.

"Masufuria haya ni yako?"

"La, bwana mkubwa, si yangu."

"Ni ya nani?"

"Ya Mwenyezi Mungu."

Askari akadhani anafanyiwa mzaha.

"Umeyatoa wapi?"

"Utange."

"Kwa hivyo msikiti wenyewe uko Utange?"

"La, msikiti uko Likoni."

"Na hapa pameandikwa hayauzwi. Unayapeleka wapi?"

"Arusini."

Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimzamisha. Maana mali ya wakfu haina mwenyewe mwanadamu, na mtu wa kwetu ukimuuliza ya nani atakujibu hivyohivyo bila kufikiri. Angesema tu, "Nipigieni simu Shika Adabu, muulizeni Bi Salha," yangekwisha barabarani. Lakini mbele yake palikuwa na sare, na ulimi wake ukafa. Askari wakapiga simu zao, wakaambiwa kwamba kweli kuna ripoti ya masufuria matatu ya wakfu yaliyoibwa Likoni. Basi. Masufuria yakashushwa na kaka yangu akatiwa ndani.

Wakampeleka mahakama ya mji uleule, kwa sababu ndiko alikoshikwa. Akasomewa shitaka la wizi: kwamba huko Shika Adabu, Likoni, aliiba masufuria matatu, mali ya msikiti. Akakana. Hakimu akampa dhamana, lakini awe na mdhamini mwenye hati ya ardhi. Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni. Nyumba yetu tumeijenga wenyewe, babu zetu wamezikwa nyuma yake, lakini hati ya ardhi hatuna, kama vile nusu ya Likoni isivyokuwa nayo. Stambuli akapelekwa rumande, mbali na kila mtu anayemjua.

Habari hazikukawia kufika mtaani. Mwizi wa wakfu! Waliokula pilau yake tangu ujana wao walianza kushusha sauti nikipita. Familia moja ya Changamwe iliyokuwa imemweka kwa ajili ya arusi ilimpigia simu Kulthum, mkewe, ikamwambia kwa adabu nyingi kwamba wamepata mtu mwingine. Kulthum ni mwanamke mpole. Alisema "haidhuru," akaiweka simu chini ya mto, na tangu hapo ikawa ikilia haipokei. Mimi si mpole. Nilimtukana kila aliyenijia na uso wa pole, na usiku nikamwomba Mungu msamaha, na asubuhi nikaanza tena.

Anwar alikuja mwenyewe, baada ya mama yake kumwambia yaliyopasa kumwambia. Akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Dada Mastura, wallahi sikujua."

"Ungeuliza."

"Nilitangaza msikitini, watu wote walisikia."

"Na katika watu wote hao, ni nani aliyewahi kupika?"

Nilimwona macho yamemjaa maji, nikamhurumia bila kupenda. Akasema ataifuta ripoti yake siku ileile. Tukadhani mambo yamekwisha. Tulikuwa wajinga wa mambo hayo, yeye na mimi.

Kituo cha polisi cha upande wetu walitusikiliza vizuri, kisha afisa akafungua mikono. Mshtakiwa hayuko kwao. Masufuria hayako kwao. Kesi imeshafunguliwa mahakama ya kule, faili liko kule, nendeni kule. Tukaenda kule, mimi, Anwar na Kulthum. Kule wakatuambia wao walikamata tu. Mlalamishi ni wa Likoni, wizi ulitokea Likoni, mashahidi wako Likoni, basi waleteni. Anwar akasimama mbele ya kiongozi wa mashtaka akasema analiondoa lalamiko lake. Kiongozi wa mashtaka akamuuliza, je, masufuria ni yako? Si yangu. Wewe ndiye uliyeruhusu yachukuliwe? Si mimi. Basi huwezi kuondoa. Aje aliyeyatoa, ayatambue kwa macho na mikono yake, aseme kwa kiapo kwamba aliyatoa kwa hiari. Bila ya hapo kesi inaendelea. Tukapigwa danadana namna hiyo, huku na kule, mpaka kondakta wa basi la barabara ile akawa ananiita kwa jina.

Na aliyeyatoa ni Bi Salha, mwenye magoti yaliyovimba na sukari iliyomla mguu. Daktari alikwisha kumkataza safari ya gari ya zaidi ya kwenda zahanati. Yeye mwenyewe alikuwa tayari. "Nibebeni kwa kitanda," alisema, "nikifia ndiani nimefia haki." Sisi ndio tuliokataa. Tulijaribu njia ya simu, maana siku hizi mahakama husikiliza watu kwa vioo vya simu, lakini Bi Salha akaambiwa ayatambue masufuria, akakisogeza kioo mpaka kikamgusa pua, akasema anaona vivuli tu. Kesi ikaahirishwa. Ikaja siku nyingine, shahidi hayupo, ikaahirishwa tena.

Siku hiyo ya pili sitaisahau. Kaka yangu aliletwa kizimbani amekonda, kanzu inamcheza mabegani. Aliangalia mabenchi ya nyuma akatuona mimi na Kulthum tu, na wageni waliokuja kwa kesi zao. Wakati wa kurudishwa walituachia dakika chache naye kwenye ukumbi wa nje. Nilidhani ataniuliza habari za nyumbani.

"Mastura," akaniambia, "Bi Salha yuwaamini kwamba nimeiba?"

"Astaghfirullah! Nani kakwambia?"

"Hajaja."

Nikamweleza magoti, nikamweleza daktari, nikamweleza simu. Aliitikia kwa kichwa, lakini nilijua hakusikia. Mtu aliyekaa peke yake kule ndani husikia mambo yake mwenyewe. Nilirudi Mombasa nimekasirika na dunia nzima, na katikati ya hasira hiyo ndipo nilipopanda ngazi za Lynnette.

Lynnette ni wakili wa shirika moja la msaada wa kisheria. Ofisi yake iko Changamwe, juu ya duka la saruji na mabati. Ni msichana wa kutoka bara, Kiswahili chake kina haraka, na nilipoingia nilimdharau kwa sababu ya udogo wake. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaiomba karatasi ya mashtaka niliyokuwa nimeipiga picha kwa simu, akaisoma, akaisoma tena.

"Mama Mastura, wamemshtaki na wizi?"

"Wizi."

"Si kupatikana na mali ya wizi? Ni wizi wenyewe?"

"Mwanangu, kuna tofauti gani? Yote si aibu?"

"Tofauti ni kubwa sana." Akauvuta mkeka wa meza kando, akachora kwa kidole juu ya vumbi la meza. "Hapa ni Likoni. Hapa ni ule mji. Kila mahakama iko na eneo lake. Kesi ya jinai inafaa isikizwe pale kosa lilifanyika, ndio mashahidi wafike, ndio watu wenye wanajua mambo waweze kuongea. Wangesema alipatikana na mali ya wizi, wangeshikilia kwamba alipatikana kwao. Lakini wameandika wenyewe kwamba wizi ulifanyika Shika Adabu. Sasa Shika Adabu iko kwa eneo la hiyo mahakama?"

"Haiko!"

"Haiko. Basi tutamwomba hakimu wa huko aihamishe kesi hadi Mombasa. Sheria inamruhusu. Akikataa, tutaenda Mahakama Kuu, nayo iko na uwezo wa kuagiza. Lakini tuanze na yeye."

Nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia Mungu amuweke. Yeye akacheka, akasema nisubiri kwanza tushinde.

Tukaenda. Kiongozi wa mashtaka alipinga, na sikumlaumu, ndiyo kazi yake. Alisema masufuria yalishikwa pale, mshtakiwa alishikwa pale, askari waliomkamata ni wa pale, kwa nini kesi ihame? Hakimu alikuwa mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini, asiyeonyesha anachowaza. Akamwambia asome shitaka kwa sauti. Kiongozi wa mashtaka akasoma. Alipofika kwenye maneno "huko Shika Adabu, Likoni," hakimu akainua kalamu.

"Hapo ndipo unaposema wizi ulitendeka?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ungemshtaki kwa kupatikana na mali ya wizi, tungezungumza. Umemshtaki kwa wizi, na mahali ulipopataja si pa mahakama hii." Akaandika kwa muda mrefu. Sijapata kuchukia kalamu inayokwenda polepole namna ile. Kisha akatoa amri: kesi ihamishwe hadi mahakama ya Mombasa, mshtakiwa apelekwe huko, na masufuria yapelekwe pamoja naye.

Sikuelewa kila neno, lakini nililisikia neno Mombasa. Nikavuta pumzi mpaka jirani yangu wa benchi akageuka kunitazama. Kesi haijakwisha, Lynnette alinionya nje. Nikamwambia najua. Lakini ndugu yangu anarudi upande wa kwetu, na kwa siku hiyo hilo lilinitosha. Nilikula wali wangu wote kwa mara ya kwanza katika muda mrefu, na safari ya kurudi nililala usingizi mzito mpaka Kulthum akaniamsha Changamwe.

Akawekwa rumande ya huku, tukawa tunaweza kumwona na kurudi nyumbani mchana uleule. Alianza kuuliza habari za watu. Aliuliza arusi ya binti wa Ishaka ilipikwa vipi, nikamwambia walipika kwa sufuria ndogondogo, wageni wakala kwa mafungu, wa mwisho walikula jioni. Akasikitika zaidi kwa hilo kuliko kwa kufungwa kwake. Hapo nikajua kwamba anapona.

Siku ya kusikilizwa tulivuka feri asubuhi. Bi Salha, ambaye daktari alimruhusu safari hiyo fupi, tulimpakia kwenye tuktuk, na upande wa kisiwani tulikuwa tumeazima kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimewaambia wanawake watatu au wanne tu. Nilipofika kortini nikakuta mabenchi yamejaa mabuibui. Bi Swabra alikuja na wakwe zake kutoka Utange. Walikuja wale wa Mtongwe waliopikia hitma, walikuja wale wa Changamwe waliokuwa wamempata mtu mwingine, na sikuwauliza neno. Mama yake Anwar alikaa mbele kabisa, mwanawe pembeni yake akiwa mdogo kuliko alivyo. Karani akatoka kutazama kama kuna mkutano wa siasa.

Wakamleta Stambuli. Alipanda kizimbani akitazama chini kama kawaida yake. Kisha, sijui alisikia nini, akageuka. Aliliona lile jumba lote, benchi kwa benchi, na macho yake yakafika kwenye kiti cha magurudumu. Bi Salha akainua kidole kimoja tu, kama anayemwita mtoto. Kaka yangu alikishika kizimba kwa mikono miwili. Mimi nililia waziwazi, wala sikujifuta.

Hakimu wa hapa alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Anwar alisimama kwanza, akasema aliripoti kwa kuwa stoo ilikuwa tupu, na hakumwona mtu yeyote akiiba. Kisha akaletwa Bi Salha, akaapishwa palepale kitini. Masufuria yakaburutwa ndani na askari wawili, yakapiga kelele sakafuni. Bi Salha akayapapasa moja moja.

"Ndiyo yaya haya," akasema. "Mbona yana vumbi hivi?"

"Bibi," akauliza kiongozi wa mashtaka, "mshtakiwa aliyachukua kwa ruhusa ya nani?"

"Nlompa ni mimi. Alinipigia simu, nikamwambia chukua."

"Ulimpa akiyatoa stoo ya msikiti?"

"Stoo? Yametoka stoo tangu kabla ya mfungo. Yalikwenda Mtongwe, yakenda Changamwe, yakenda Utange. Yote kwa neno langu."

Hakimu akaweka kalamu chini.

"Nataka kuelewa jambo moja," akamwambia kiongozi wa mashtaka. "Kesi hii imeletwa kwangu kwa sababu wizi ulitendeka Likoni. Shahidi wako anasema Likoni yalitoka kwa ruhusa yake. Je, yaliibwa Utange?"

"Utange nilimpakilia mimi kwa mikono yangu!" Bi Swabra akapaza sauti kutoka benchini, na askari akamwamuru akae kimya. Akakaa, lakini alikwisha kusikika.

Hakimu hakukasirika. "Au yaliibwa barabarani, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa nayo? Nionyeshe mahali. Wizi lazima uwe na mahali."

Kiongozi wa mashtaka alikuwa mtu mwungwana. Alipindua karatasi zake, akapindua tena, kisha akasema hana shahidi mwingine wa kumwita. Mahakama ikatoka kidogo. Tulikaa tumeshikana mikono, mimi na Kulthum na mama yake Anwar, na mkono wa nani ulikuwa na jasho zaidi siwezi kusema. Hakimu aliporudi alisoma kwa ufupi. Hakuna ushahidi kwamba masufuria yaliibwa, si Likoni wala kwengineko. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Anaachiliwa, na mali ya wakfu irudishwe mikononi mwa aliyeshika amana yake.

Kelele zilizotoka kwenye yale mabenchi, vigelegele na alhamdulillahi na kilio, ziliwashinda askari wote. Hakimu alitungoja tunyamaze.

Askari akamfungulia Stambuli mlango wa kizimba. Stambuli hakutoka. Alisimama palepale, mikono kaifumbata mbele, vile alivyozoea kusimama miezi yote ile akingoja kuambiwa anapelekwa wapi.

"Umeachiliwa, Bwana Stambuli," hakimu akamwambia. "Nenda."

"Niende wapi?" kaka yangu akauliza.

Hapakuwa na hata mmoja aliyecheka. Hakimu akavua miwani yake, akamtazama, kisha akatutazama sisi tuliojaa nyuma yake mpaka mlangoni.

"Kwenu," akasema. "Hao hapo, wamekuja kukuchukua."